Poti moja inatosha: watumiaji wa mbali wanaounganika na VPN lakini hawafiki kwenye seva

Swali: Ninasimamia mtandao wa ofisi ndogo. Kwenye kompyuta ya Linux iliyo nyuma ya ruta nimeweka WireGuard (programu ya VPN, yaani handaki la faragha linalopita kwenye intaneti), na kwenye ruta nimeelekeza poti (mlango wenye namba) 51820 ya UDP, moja ya aina mbili kuu za mawasiliano pamoja na TCP, kwenda kwenye kompyuta hiyo. Wafanyakazi watano walio mbali wanaunganika bila shida, ila hawaifikii seva ya mafaili wala kompyuta zao za mezani zilizoko ofisini. Mwenzangu ananishauri nielekeze pia poti 445 na 3389 kwenye ruta. Je, nifuate ushauri huo? Pia, mmoja wa hao watano yuko kwenye stoo yetu ya nje yenye mashine ya kurekodi picha za kamera. Tungependa kuiona kutoka ofisini, lakini mtoa huduma wa intaneti wa huko hatoi anwani ya umma. Ofisi inatumia 192.168.1.0/24 (yaani anwani zote zinazoanza na 192.168.1), ruta ni 192.168.1.1, kompyuta ya VPN ni 192.168.1.10, seva ya mafaili ni 192.168.1.20, na watumiaji wa VPN wanapewa anwani za 10.8.0.0/24.

Jibu: Ndugu, usizielekeze poti hizo mbili, na kama umeshazielekeza, ziondoe kabla hujaendelea kusoma. Poti pekee inayopaswa kuwa wazi kwenye ruta yako ni ile ya VPN, nayo umeshaifungua sawasawa. Ushahidi ni kwamba watu wako watano wanaunganika. Tatizo lililobaki halihusu kuelekeza poti hata kidogo. Ni tatizo la njia: pakiti (vipande vya data) za watumiaji zinaingia ofisini, lakini ama haziruhusiwi kuendelea mbele, ama majibu yake hayajui yarudi kupitia wapi.

Inafaa kwanza tuelewane kuhusu kazi ya kuelekeza poti, kwa sababu mkanganyiko wa mwenzako unaanzia hapo. Ruta yako ina anwani moja ya umma upande wa nje, na upande wa ndani kuna anwani za faragha, ambazo kwa mujibu wa waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996 zimetengwa kwa mitandao ya ndani na hazipitishwi kwenye intaneti. Kompyuta ya ndani inapoanzisha mazungumzo na kompyuta ya nje, ruta huandika mazungumzo hayo kwenye jedwali lake, na jibu linaporudi hujua limpelekee nani. Pakiti inayotoka nje bila kuitwa haina mstari wowote kwenye jedwali hilo, kwa hiyo hutupwa. Kuelekeza poti ni kuandika mstari wa kudumu unaosema kwamba kila kitakachobisha kwenye namba fulani kipelekwe kwenye kompyuta fulani ya ndani. Mstari huo haumuulizi anayebisha yeye ni nani. Kazi ya kuuliza inabaki kwa programu inayosikiliza kwenye poti ile, na ndiyo maana swali la msingi ni kama programu hiyo imeundwa kusimama mbele ya dunia nzima au haikuundwa hivyo.

WireGuard iliundwa kwa kazi hiyo. Ujumbe wa kwanza wa mteja lazima uwe umetengenezwa kwa kutumia ufunguo wa umma wa seva, na ujumbe usiotimiza sharti hilo haujibiwi hata kwa neno la kukataa. Kwa anayepekua poti kutoka nje, ni kama hakuna kitu. Poti 445, inayotumiwa na Windows kushirikisha mafaili, na poti 3389 ya Remote Desktop (huduma ya kuiendesha kompyuta ya Windows ukiwa mbali) zina historia tofauti kabisa. Mwezi Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilisambaa duniani kwa kupitia poti 445, ikitumia udhaifu ambao Microsoft ilikuwa imetoa sasisho lake mwezi Machi mwaka huohuo. Mwezi Mei 2019 ulitangazwa udhaifu wa BlueKeep katika Remote Desktop, uliokuwa mzito kiasi kwamba Microsoft ilitoa sasisho hata kwa Windows XP, ambayo ilikuwa imeshaacha kuihudumia. Udhaifu huo wa pili haukuhitaji nywila: ilitosha poti iwe inafikika. Sasisho hizo zimeshatoka, lakini mfano unabaki kuwa hai, kwa kuwa anayefungua poti hizi kwa dunia anaweka dau kwamba hakutagunduliwa udhaifu mwingine kabla yeye hajasasisha mashine zake.

Namba za mwenzako si za kutupwa, hata hivyo. Mahali pake ni ndani ya kompyuta ya VPN, kama sheria za nani anaruhusiwa kufika wapi akishapita handaki la VPN. Nitazirudia huko mbele.

Sasa tuifuate pakiti. Mwambie mmoja wa watumiaji aunganike, kisha aanze kuipima seva ya mafaili kwa amri ya `ping 192.168.1.20` na kuiacha iendelee. Wewe kaa kwenye kompyuta ya Linux na usikilize kwanza kwenye kiolesura (sehemu inayounganisha kompyuta na mtandao) cha VPN, hapa `wg0`:

`tcpdump -ni wg0 icmp`

Usipoona chochote, pakiti haijaingia kabisa kwenye handaki, na kosa liko kwa mteja. Angalia mstari wa `AllowedIPs` kwenye mpangilio wake. Kwa upande wa mteja mstari huo una maana ya "anwani hizi zipelekwe kupitia handaki", kwa hiyo lazima ujumuishe 10.8.0.0/24 na 192.168.1.0/24 zote mbili; wengi huandika ile ya kwanza peke yake, na matokeo yake ni mtu anayeunganika na kuishia kwenye kompyuta ya VPN yenyewe. Kwa upande wa seva, mstari wenye jina hilohilo unafanya kazi ya ziada ya ulinzi: unasema mshirika huyu (kompyuta iliyoandikishwa kwenye VPN) anaruhusiwa kutuma pakiti zenye anwani ipi ya mtumaji. Hapo kila mtumiaji awe na anwani yake moja, kama 10.8.0.3/32 (/32 maana yake anwani hiyo moja tu), na isirudiwe kwa mwingine, kwa sababu washirika wawili wakiandikiwa anwani moja, wa mwisho kusomwa ndiye anayeichukua, na yule wa kwanza anabaki akiunganika bila kupata jibu lolote. Ninalitaja hili kwa uzito kwa kuwa ni kosa la kunakili na kubandika, na jicho hulipita kirahisi sana.

Ukiona pakiti kwenye `wg0`, hamia upande wa mtandao wa ofisi. Jina `eth0` hapa ni la mfano, nawe weka jina la kiolesura chako:

`tcpdump -ni eth0 icmp and host 192.168.1.20`

Pakiti ikionekana kwenye `wg0` na isionekane hapa, Linux yenyewe ndiyo inayoizuia. Kwa kawaida kompyuta ya Linux haipitishi pakiti za watu wengine mpaka iambiwe, na inaambiwa kwa `net.ipv4.ip_forward=1`, mstari ambao unapaswa kuandikwa kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/` ili usipotee kompyuta ikizimwa na kuwashwa tena. Baada ya hapo kuna faiawoli, yaani kichujio cha pakiti, ambayo sheria zake huandikwa hapa kwa amri ya `iptables`. Ikiwa kompyuta hiyo pia ina Docker (programu ya kuendeshea programu nyingine ndani ya makontena), fahamu kwamba Docker hubadilisha msimamo wa mnyororo wa `FORWARD` (orodha ya sheria za pakiti zinazopitishwa) kuwa wa kukataa, na mtu anaweza kuhangaika na VPN siku nzima bila kujua kwamba kizuizi kililetwa na programu aliyoiweka kwa shughuli nyingine kabisa. Kwa kuanzia, sheria mbili zinatosha:

`iptables -A FORWARD -i wg0 -o eth0 -j ACCEPT`

`iptables -A FORWARD -i eth0 -o wg0 -m conntrack --ctstate RELATED,ESTABLISHED -j ACCEPT`

Ya kwanza inaruhusu watumiaji wa mbali kuanzisha mazungumzo na ofisi. Ya pili inaruhusu majibu tu kurudi, si mazungumzo mapya kutoka ofisini kwenda kwao. Ikumbuke sheria hii ya pili, kwa sababu itakuja kukuzuia tutakapofika kwenye mashine ya kamera.

Inabaki hali ya tatu, nayo ndiyo ninayoamini kuwa yako: pakiti inaonekana ikitoka kwenye `eth0` kuelekea 192.168.1.20, lakini jibu halirudi. Jiweke kwenye nafasi ya ile seva ya mafaili. Imepokea pakiti kutoka 10.8.0.3. Inataka kujibu, inaangalia jedwali lake la njia, na haioni 10.8.0.0/24 popote. Kwa hiyo inafanya kile ambacho kila kompyuta hufanya ikikosa njia mahususi: inalipeleka jibu kwa lango lake kuu, ambalo ni ruta ya 192.168.1.1. Ruta nayo haijawahi kusikia habari za 10.8.0.0/24, hivyo inalisukuma jibu kwa mtoa huduma wa intaneti au inalitupa. Kompyuta ya VPN iko palepale kwenye mtandao uleule, hatua moja kutoka kwenye seva, lakini hakuna aliyeiambia seva kwamba njia ya kurudi inapita kwake.

Tiba ziko tatu, na hazilingani kwa ubora.

Iliyo safi zaidi ni kuongeza njia ya kudumu kwenye ruta: mtandao 10.8.0.0/24, lango 192.168.1.10. Ukifanya hivyo mara moja, kila kifaa cha ofisi kinapata njia bila kuguswa. Kuna mtego mmoja, nao umenigharimu muda mrefu katika kazi zangu kuliko makosa mengine yote ya VPN. Ombi la mtumiaji linatoka kompyuta ya VPN moja kwa moja hadi kwenye seva bila kupitia ruta, ilhali jibu linapitia ruta. Kama ruta ina faiawoli inayofuatilia mazungumzo, itaona jibu la mazungumzo ambayo haikuyaona yakianza, na itayahesabu kuwa batili. Dalili yake ni ya kutatanisha: `ping` inafanya kazi vizuri, lakini kufungua folda au Remote Desktop kunakwama hadi muda unakwisha. Mara ya kwanza nilipokutana nayo niliilaumu Windows, nikaweka upya seva iliyokuwa haina kosa lolote, ndipo nikaamua kusikiliza kwa `tcpdump` pande zote mbili na kuona jibu likiingia kwenye ruta bila kutoka. Ukiiona dalili hiyo, tafuta kwenye ruta kipengele cha kuruhusu trafiki inayoingia na kutokea kwenye kiolesura kilekile, au tumia tiba ya pili.

Tiba ya pili ni kuziandikia njia hiyo mashine zenyewe. Kwenye Windows, ukifungua dirisha la amri kama msimamizi, utaandika:

`route -p add 10.8.0.0 mask 255.255.255.0 192.168.1.10`

Herufi `-p` inaifanya njia ibaki hata baada ya kuwasha upya. Kwa seva moja na kompyuta tano za mezani, kazi hii ni ya robo saa, na inaondoa kabisa ule mzunguko wa kupitia ruta. Hata kama utachagua tiba ya kwanza, ninashauri uanze kwa kuiandika njia hii kwenye seva ya mafaili peke yake, bila `-p`, kama jaribio. Jibu likianza kurudi, umeshathibitisha ugonjwa kabla ya kugusa ruta. Lisiporudi, mshukiwa anayefuata ni faiawoli ya Windows: sheria zake za kushirikisha mafaili na za kujibu `ping`, kwenye mtandao uliotambuliwa kuwa wa faragha, huruhusu anwani za mtandao wa karibu tu, na kwa macho ya Windows 10.8.0.3 ni mgeni. Fungua sheria husika, na kwenye kipengele cha anwani za mbali uongeze 10.8.0.0/24. Usizime faiawoli nzima.

Tiba ya tatu ni kuifanya kompyuta ya VPN ibadilishe anwani ya mtumaji, ili kila pakiti ya mtumiaji wa mbali ionekane kana kwamba imetoka 192.168.1.10:

`iptables -t nat -A POSTROUTING -s 10.8.0.0/24 -o eth0 -j MASQUERADE`

Inafanya kazi papo hapo, haihitaji njia yoyote, na hata faiawoli ya Windows inaridhika kwa kuwa inaona jirani. Ndiyo sababu maelekezo mengi huanza nayo. Mimi huiweka mwisho. Kwanza, kumbukumbu za seva ya mafaili zitaonyesha kwamba kila kitu kimefanywa na 192.168.1.10, na siku mtakapohitaji kujua ni nani aliyefuta folda fulani usiku, anwani haitakusaidia kuwatofautisha watu watano. Pili, tiba hii ni ya upande mmoja: inawawezesha walio mbali kuifikia ofisi, lakini haiipi ofisi njia ya kuwafikia wao, na wewe unaihitaji njia hiyo kwa ajili ya stoo. Kama ruta yako haiwezi kuandikwa njia ya kudumu na mashine zenyewe huna ruhusa ya kuzigusa, itumie bila aibu. Vinginevyo chagua mojawapo ya zile mbili.

Ukishafika hapa, huenda wanne wakafanya kazi na mmoja akabaki nje. Kabla ya kumchunguza kwa namna nyingine yoyote, muulize anwani ya kompyuta yake kwenye mtandao wa nyumbani. Akijibu 192.168.1 na namba nyingine mwishoni, umeshapata sababu. Ofisi yako inatumia kundi la anwani ambalo ruta nyingi za nyumbani hutoka nalo kiwandani. Kompyuta yake inapoambiwa itafute 192.168.1.20, inaweza kudhani kwamba hiyo iko sebuleni mwake na kuitafuta hukohuko. Tiba ya haraka inategemea kanuni kwamba njia mahususi zaidi ndiyo inayoshinda: kwenye `AllowedIPs` zake andika 192.168.1.20/32 na anwani ya kompyuta yake ya mezani ikiwa na /32 vilevile, badala ya 192.168.1.0/24 nzima. Njia ya anwani moja itaishinda njia ya mtandao wa nyumbani, isipokuwa kifaa chochote cha nyumbani kwake chenye anwani hizohizo hakitafikika wakati VPN imewashwa. Tiba ya kudumu ni kuipa ofisi kundi jingine la anwani lisilotumiwa ovyo, kwa mfano 10.73.40.0/24. Ni kazi ya kuchosha, lakini kwa ofisi ya ukubwa wako inawezekana kumalizwa siku isiyo ya kazi, na kadiri watumiaji wa mbali wanavyoongezeka ndivyo mgongano huu utakavyojirudia. Kama ningekuwa wewe ningeifanya sasa.

Kuna dalili nyingine inayofanana na kufaulu nusu: `ping` inajibu, folda zinafunguka, lakini kunakili faili kubwa kunakwama. Hiyo ni habari ya ukubwa wa pakiti. WireGuard huongeza baiti 60 juu ya kila pakiti inapopita kwenye IPv4 na baiti 80 inapopita kwenye IPv6, ndiyo maana kwa kawaida hujipangia kikomo cha 1420, yaani 1500 kutoa 80. Kama laini ya mtumiaji ina kikomo kidogo kuliko 1500, pakiti kubwa zinaweza kupotea njiani bila taarifa. Weka `MTU = 1280` (MTU ndicho kikomo hicho) kwenye mpangilio wa mteja huyo kama jaribio. Ikipona, panda taratibu mpaka upate kiwango kinachostahimili.

Turudi kwenye namba za mwenzako. Sheria ya kwanza niliyokupa inamruhusu kila mtumiaji wa mbali kufika kokote ofisini, na baada ya kuhakikisha njia zinafanya kazi hupaswi kuiacha hivyo. Kompyuta ya nyumbani inayotumiwa na familia nzima ikiambukizwa, handaki litaupitisha ugonjwa kwa uaminifu uleule linaopitisha kazi. Badilisha sheria hiyo iwe na masharti:

`iptables -A FORWARD -i wg0 -s 10.8.0.3 -d 192.168.1.20 -p tcp --dport 445 -j ACCEPT`

`iptables -A FORWARD -i wg0 -s 10.8.0.3 -d 192.168.1.33 -p tcp --dport 3389 -j ACCEPT`

Hapa 192.168.1.33 ni mfano wa kompyuta ya mezani ya mtumiaji huyo. Andika jozi kama hiyo kwa kila mtu, ruhusu pia majibu (`RELATED,ESTABLISHED`) yanayotoka `wg0`, kisha sheria ya mwisho iwe ya kukataa yote mengine yanayotoka `wg0`. Kwa njia hii poti 445 na 3389 zinafunguliwa kweli, kama mwenzako alivyotaka, lakini zinafunguliwa kwa mtu anayejulikana kwa ufunguo wake, kuelekea mashine moja anayoihitaji. Mtu akiacha kazi, unafuta sehemu yake kwenye mpangilio wa WireGuard na ufunguo wake haufungui kitu tena, hata kama bado anao.

Sasa stoo. Hapa ndipo kuelekeza poti kunapokuwa na kazi halali, ila kunafanyika ndani ya VPN na si kwenye ruta ya nje. Mtoa huduma asiyetoa anwani ya umma kwa kawaida amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na ukiangalia upande wa nje wa ruta ya stoo yaelekea utaona anwani iliyo kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, kundi lililotengwa kwa ajili hiyo na waraka wa RFC 6598 wa mwaka 2012. Katika hali hiyo, hata uelekeze poti gani kwenye ruta ya stoo, hakuna kitakachoingia, kwa sababu mlango wa kwanza hauko mikononi mwako. Lakini kutoka kunaruhusiwa, na VPN inahitaji upande mmoja tu uweze kutoka.

Weka kompyuta ndogo ya Linux stoo, iwe mshirika wa VPN mwenye anwani ya kudumu, tuseme 10.8.0.5. Kwenye mpangilio wake andika `PersistentKeepalive = 25`. Mstari huu si wa hiari kwako: ruta zilizo njiani husahau mazungumzo ya UDP yaliyonyamaza, baadhi yake baada ya nusu dakika tu, na zikishasahau ofisi haiwezi kuifikia stoo mpaka stoo yenyewe izungumze. Pakiti tupu ya kila sekunde 25 inazuia usahaulifu huo. Kisha, tukichukulia kwamba mashine ya kurekodi iko 192.168.8.50 na ukurasa wake unasikiliza kwenye poti 80, kwenye kompyuta hiyo ndogo utawasha `ip_forward` na kuandika:

`iptables -t nat -A PREROUTING -i wg0 -p tcp --dport 8080 -j DNAT --to-destination 192.168.8.50:80`

`iptables -t nat -A POSTROUTING -d 192.168.8.50 -p tcp --dport 80 -j MASQUERADE`

Sheria ya kwanza inaelekeza. Ya pili inaifanya mashine ya kurekodi iamini kwamba anayeizungumzia ni jirani yake, kwa kuwa vifaa vya aina hiyo mara nyingi havina sehemu ya kuandikia njia ya kurudi. Hapa ninaikubali `MASQUERADE` bila kinyongo, maana hakuna kumbukumbu za thamani zinazopotea. Kama mnyororo wa `FORWARD` wa kompyuta hiyo ni wa kukataa, ruhusu pia pakiti zinazokwenda 192.168.8.50 na majibu yake.

Kwenye kompyuta ya VPN ya ofisini, `AllowedIPs` ya mshirika huyu itabaki 10.8.0.5/32 peke yake, kwa sababu ofisi haihitaji kujua kama mtandao wa 192.168.8 upo. Kinachobaki ni ile sheria niliyokuomba uikumbuke. Ofisi sasa inaanzisha mazungumzo mapya kuelekea `wg0`, na sheria inayoruhusu majibu peke yake itayakataa. Ongeza:

`iptables -A FORWARD -i eth0 -o wg0 -d 10.8.0.5 -p tcp --dport 8080 -j ACCEPT`

Mtu wa ofisini akifungua 10.8.0.5:8080 kwenye kivinjari chake ataiona mashine ya kurekodi, mradi njia ya 10.8.0.0/24 iwe imeshaandikwa kwenye ruta au kwenye kompyuta anayoitumia. Kwa kuwa vifaa hivi hufungua picha za moja kwa moja kupitia poti nyingine, ukiona ukurasa unafunguka na picha hazionekani, tafuta namba ya poti hiyo kwenye mipangilio ya mashine na uielekeze kwa jozi nyingine kama hiyo.

Mambo mawili ya ruta ya ofisi nisiyoyagusa bado. Hakikisha 192.168.1.10 imehifadhiwa kwa ajili ya kompyuta ya VPN, isije ikapewa kifaa kingine baada ya umeme kukatika na poti 51820 ikawa inaelekezwa kwa printa. Na kama anwani yako ya umma hubadilika, watumiaji watumie jina badala ya namba, wakijua kwamba WireGuard hutafuta anwani ya jina hilo inapowashwa tu. Anwani ikibadilika katikati ya siku, itabidi wazime VPN na kuiwasha tena.

Mwisho, jaribio la kuthibitisha. Tumia intaneti ya simu, si Wi-Fi ya ofisi, kwa sababu ruta nyingi hazikubali kupitisha pakiti inayotoka ndani kuelekea anwani yao wenyewe ya umma, na utadhani poti imefungwa kumbe umesimama upande usiofaa. Tovuti za kupima poti hazitakusaidia kwa 51820, kwa kuwa WireGuard hainyanyui sauti kwa asiye na ufunguo, nazo zitakuambia imefungwa hata ikiwa wazi. Kipimo chako huko ni amri ya `wg show` inayoonyesha sekunde zilizopita tangu mshirika athibitishwe. Lakini kwa 445 na 3389, ambazo ni za TCP, tovuti hizo zinatosha. Zipime zote mbili kutoka nje leo, na uendelee kuziondoa kwenye ruta mpaka jibu liwe kwamba zimefungwa.